Parachuti Iliyonuka Usipa

Mama yangu alikubali kuruka kutoka kwenye ndege kabla aliyemwalika hajamaliza kusema. Mimi ni binti yake, mwalimu wa sekondari Mbinga mjini, na nilikuwa nimeteremka ziwani kwa likizo ili nipumzike. Kupumzika! Nani alishawahi kupumzika nyumbani kwa mama yake?

Aliyemwalika alikuwa mkufunzi wa kuruka kwa parachuti, kijana wa mjini aliyevaa miwani ya jua hata mvua ikinyesha. Alikuja upande wetu wa Ngumbo na ndege ndogo iliyotua kwenye uwanja wa majani nyuma ya kijiji. Alitaka kuona kama watalii wanaweza kuletwa kurukia ufukweni kwetu. Siku ya kwanza akaruka peke yake na parachuti ya kubeba watu wawili, maana ndiyo pekee aliyokuja nayo. Upepo ukamsukuma, akatua majini. Wavuvi wakamwopoa kwa mtumbwi, yeye na parachuti yake ya rangi ya chungwa, huku akikohoa maji na kusema kila kitu kimekwenda vizuri.

Sasa kwetu, kitu kikilowa kinaanikwa kwenye chanja. Usipa, dagaa wa ziwa letu, wanaanikwa chanjani, nguo chanjani, madaftari ya watoto chanjani. Mama akawasogeza usipa wake upande mmoja, akatandaza parachuti upande wa pili, kwa moyo mweupe kabisa. Ilipokauka ilinuka usipa mpaka paka wa jirani akawa haondoki pale. Mkufunzi akaikunja vizuri, akaifunga kwenye mfuko wake wa mgongoni, na Mama akampa mahali pakavu kuliko pote nyumbani pa kuihifadhi: ghala la usipa.

Kwa shukrani mkufunzi akasema, "Mama, upepo ukitulia, tutaruka wote, wewe na..."

"Nitakuja," Mama akasema.

Upepo wa mwera, ule mkali wa ziwani, ukavuma siku nyingi, na ndege haikuruka. Mama hakupoteza muda. Aliitangaza safari yake kanisani, sokoni na kisimani. Kwaya ya akina mama ikatunga wimbo. Akashonesha suruali ya kitenge, yeye ambaye maisha yake yote alituambia suruali si vazi la mwanamke. Nilipomkumbusha, akanijibu kwamba Mungu ataelewa, kule juu kuna baridi.

Asubuhi ambayo ziwa lilitulia, nilikuwa nafagia ghala. Mfuko wa parachuti ulikuwa umeshachukuliwa na mkufunzi. Nyuma ya magunia nikakuta kiota cha panya, laini, kimetengenezwa kwa ustadi, na ndani yake kumejaa nyuzi za rangi ya chungwa. Nikakaa chini palepale. Nyumbani kwetu hakuna kitu cha rangi ya chungwa. Hata machungwa yenyewe kwetu ni ya kijani.

Nikamwendea Mama na kile kiota mkononi. "Mama, ghalani kuna panya."

Hakutazama kiota. Alitazama mlango. Nje alikuwa ameketi mnunuzi wake wa usipa, mzee mwenye kofia ya kufuma na duka Mbinga, akinywa chai.

"Ghala langu halina panya," akanong'ona.

"Na hiki ni nini?"

"Ni takataka zako ulizoleta kutoka mjini."

Nilimwelewa, ingawa nilitamani kupiga ukuta. Neno moja tu, panya, lingepanda milima na kufika sokoni Mbinga kabla ya gunia lake. Mama alikuwa amesomesha watoto wote kwa usipa safi. Alikuwa radhi adondoke kutoka mawinguni kuliko kuambiwa ana panya.

Nikamkimbilia mkufunzi. Shikamoo yake nikaipokea juu juu, nikamwonyesha kiota. "Fungua mfuko uangalie."

"Mwalimu, niliikunja kwa mikono yangu mwenyewe."

"Uliikunja kabla ya panya. Mimi nazungumzia baada ya panya."

"Kuna nyingine ya akiba."

"Na hiyo ya akiba ililala wapi?"

Akajikuna kidevu. "Humohumo. Mfuko ni mmoja."

"Haya! Fungua!"

Akashusha sauti. "Mama amenitunza kama mwanawe. Nikianza kukagua alichonihifadhia, si nitakuwa namwambia nyumba yake ni chafu? Halafu kuikunja upya kunataka muda, na rubani anasubiri. Mama mwenyewe amesema hakuna panya."

Jamani! Mmoja anaona aibu kukiri, mwingine anaona aibu kuuliza, na katikati ya heshima zao anakufa mama yangu. Niliogopa kiasi kwamba nilisahau kuvaa viatu vyote viwili.

Nilipofika ufukweni kwaya ilikuwa inaimba. Mama yupo katikati, suruali ya kitenge, kilemba kimefungwa kwa kamba chini ya kidevu. Mkufunzi ameshatangulia, yupo kando yake, mfuko mgongoni. Mnunuzi naye alikuja kutazama, kikombe mkononi. Bodaboda za kuwapeleka uwanjani zilishawashwa. Mama akanitazama, akatikisa kichwa taratibu, yaani thubutu.

Mdomo wangu hauna mlango. Haujawahi kuwa nao.

"Ghala letu lina panya!" nikapaza sauti. "Wanene! Wameila hiyo parachuti!"

Wimbo ukakatika. Mama akashika kiuno. "Mwanangu, umerogwa?"

"Sijarogwa! Wapo, tena wanakula vizuri kuliko mimi! Fungueni huo mfuko, nikikosea nichekeni mpaka Pasaka!"

Jambo likishasemwa mbele ya watu, halina tena wa kulionea aibu. Mkufunzi akautua mfuko mchangani, akavuta kamba ya kuufungua. Kitambaa cha rangi ya chungwa kikamwagika, kikiwa na matundu ambayo kichwa cha mtu kingepita. Kamba kadhaa zilitoka vipande vipande. Akaanguka usipa mmoja mkavu. Kisha akachomoka panya, akakimbilia kwaya, na sauti ya kwanza ikafika mahali ambapo haijawahi kufika kwenye ibada yoyote.

Mkufunzi hakucheka. Alifungua ile ya akiba, akakuta kamba zimetafunwa vilevile. Akaketi mchangani, akavua miwani, tukaona macho yake kwa mara ya kwanza. Yalikuwa ya mtoto kabisa.

Mama hakutazama parachuti. Alikuwa anamtazama mnunuzi.

Mzee akarekebisha kofia yake. "Mama, huyo ni panya? Njoo dukani kwangu nikuonyeshe panya. Wewe shida yako huna paka."

Watu wakaangua kicheko. Mama alininunia hadi jioni, akanipakulia ugali na mkia wa samaki. Tulipomaliza kula akanisogezea minofu ya kwake. Kesho yake tulikuwa na paka.

Msimu uliofuata mkufunzi akarudi na parachuti mpya, ambayo alilala nayo chumbani kwake. Nilidhani Mama amesahau. Thubutu! Suruali ilikuwa imepigwa pasi.

"Ila siendi," akatangaza mbele ya kwaya nzima, "mpaka Mwalimu akague."

Mimi? Najua nini mimi kuhusu parachuti? Nikamwambia mkufunzi anieleze kila kitu, naye akaeleza bila kulalamika, nikashika kamba moja baada ya nyingine. Zote zilikuwa nzima. Wakanitazama wote, wakingoja. Siku ile ya panya hasira ndiyo iliyonibeba. Sasa sikuwa na hasira, nilikuwa na mama mmoja tu.

"Nenda, Mama," nikasema.

Tulisimama ufukweni, shingo zimepinda, hadi kidoa kikatokea, kikafunguka kwa rangi ya chungwa. Nikaanza kulia. Kilielea juu ya ziwa, juu ya nyumba yetu, na kilipokaribia tukasikia kelele kutoka angani. Kwaya ikadhani ni vigelegele, ikajibu. Mama akatua kwa makalio, kilemba kimemfunika jicho, akanyanyuka akiwa bado amefungwa kwa mkufunzi, akimburuta.

"Unalia nini wewe?" akanifokea. "Sijawaita tangu kule juu? Kunguru wanamaliza usipa wangu!"