Soli za Karani

Fundi viatu yule watu walimwita Mwalimu, naye alilichukia jina hilo kuliko msumari uliopinda. Aliyemjia na swali la roho alitakiwa avue viatu kwanza, vishonwe wakati wanazungumza. "Ukiwa pekupeku hutalikimbia jibu," alisema, maana wengi walishamkimbia.

Asubuhi moja akaja karani mstaafu, daftari kwapani, maswali yote kayapiga namba. Soli zake zilikuwa zimelika hadi soksi inachungulia.

"Mwalimu, nimeshazunguka kwa walimu saba. Amani ya moyo inapatikana wapi?"

"Soli zimeishia huko kwa hao saba?"

"Huko huko."

Fundi akapaka uzi nta taratibu, kama mtu ambaye hakuulizwa kitu. "Na usingizi, anakukosesha nani?"

Karani akapekua daftari. Swali hilo halikuwemo.

"Kaka yangu," akasema mwishowe. "Tuligombana kwenye msiba wa mama. Tangu hapo ni paka na panya, mwaka wa tisa huu."

"Anakaa mbali?"

"Tumepakana ukuta. Akipiga chafya namsikia."

Fundi akaangua kicheko, kisha hasira zikampanda ghafla. Akaweka sindano chini kabla hajatoboa hata tundu moja, akamsukumia viatu vyake.

"Lakini Mwalimu, hujavishona!"

"Kwa safari iliyobaki, bwana, vinatosha."