Nyasi za Wageni Alizokula Bihogo

Ipo siku moja ya kiangazi naikumbuka vizuri, mwanangu, kuliko hata siku ya harusi yangu. Nilikuwa nimeolewa Muleba, msichana aliyeishia darasa la tatu, mwenye mikono migumu na mdomo mgumu zaidi. Wewe umeniandikia kwamba unataka kufuga ng'ombe wa maziwa hapo Kitendaguro, na kwamba umeona kwenye simu jinsi Wazungu wanavyowalisha farasi nyasi kavu wakati wa baridi. Basi kaa usome. Farasi sijawahi kumlisha. Ng'ombe nimewalisha maisha yangu yote, na nyumba uliyokulia ilijengwa kwa maziwa yao.

Kiangazi kile shemeji yangu mdogo alikuwa amemchumbia binti wa Izimbya, na wazee wa huko walikuwa wanakuja kutoa jibu. Desturi yetu unaijua: mgeni wa heshima haketi kwenye sakafu tupu. Unatandika nyasi mpya kwanza, ndipo mikeka. Lakini rweya yote, ile mbuga ya nyasi nyuma ya vibanja vyetu vya migomba, ilikuwa imechomwa moto. Mama mkwe alipata mizigo miwili tu, tena kutoka bondeni, mbali, akaifungia stoo.

"Hizo usiziguse," aliniambia. "Hizo ndizo sura yetu mbele ya wageni."

Na Bihogo, ng'ombe pekee tuliyekuwa naye, alikuwa na mimba kubwa. Kwa siku nyingi nilikuwa nampa migomba iliyokatwakatwa na maganda ya ndizi. Mgomba ni maji, mwanangu. Tumbo linajaa huku mbavu zinazidi kutokeza. Asubuhi ya wageni nilimkuta amelala. Nikamsukuma, nikamvuta mkia, hainuki. Angekufa, ndama angekufa naye, na kibanja kingekosa samadi, na wote mle ndani tulikula kutoka kibanja kile. Sikumuuliza mtu. Nilifungua stoo nikambebea mzigo wa kwanza, kisha wa pili. Alikula akiwa amelala vilevile. Jua lilipopanda, akasimama.

Mama mkwe alipoiona stoo alishika kichwa. "Wewe mwanamke! Unataka mtoto wangu akose mke kwa sababu ya ng'ombe?"

"Ma, mke atapatikana mwingine. Ng'ombe tunaye huyu tu."

Mdomo nilikuwa nao, nimekwambia.

Wageni wakafika, wakaketi kwenye mikeka juu ya udongo mkavu. Mkubwa wao alikuwa nyanya wa binti, mama mfupi aliyeitwa Ma Leokadia. Alipapasa chini ya mkeka kwa vidole, akavikung'uta. Mwenzake mmoja akanong'ona kwa sauti ya kusikika na wote, "Waitu, jamani, leo tumetandikiwa vumbi." Baba mkwe akainamisha uso. Nilijua posa inaharibika, na aliyeiharibu ni mimi.

Ma Leokadia akainuka, akatoka nje, akaenda moja kwa moja zizini. Nikamfuata. Bihogo alikuwa bado anatafuna. Yule mama akamshika ubavu, akaziangalia nyasi.

"Nani amempa nyasi zangu?"

"Mimi, waitu."

"Kwa nini?"

"Alikuwa hainuki."

Akanitazama kutoka kichwani mpaka miguuni. "Umefanya vizuri. Sasa niambie: wakati wa mvua, nyasi zilipokuwa zinakufika kiunoni, ulikuwa wapi? Ulikuwa unaumwa?"

"Sikuumwa, waitu. Lakini ng'ombe nimemwokoa mimi."

"Unajisifu umeokoa ng'ombe. Ulimsahau miezi yote ile, leo ndiyo umemkumbuka."

Alirudi ndani, akawaambia wenzake kwamba binti atakuja, maana hapa mnyama haachwi afe njaa ili watu walinde sura zao. Ila nyasi za harusi, akasema, atazikata yule mkamwana mwenye mdomo, peke yake. Walicheka mpaka mama mkwe naye akacheka. Nilizikata, na mgongo ulikiona cha moto.

Kwa hiyo nisikilize. Kiangazi cha ng'ombe kinaandaliwa masika. Nyasi zikiwa bado laini, kabla hazijakomaa na kutoa mbegu, zikate siku yenye jua, zigeuze zikauke, kisha ziweke juu ya kichanja, mbali na mchwa na matone ya paa. Usingoje Juni. Migomba mpe, lakini iwe ya kuongezea tu, pamoja na marando ya viazi na nyasi zako kavu. Maji mengi, na jiwe la chumvi lisikosekane.

Halafu mvua za kwanza zikirudi, ndipo wengi wanapoua mifugo yao. Ng'ombe aliyekaa na njaa ukimtupia majani mabichi yenye umande, tumbo linavimba kama ngoma. Mpe kavu kwanza, mabichi yaache juani yanyauke. Sakafu ya zizi iwe kavu wakati wa mvua, kwato zisioze. Na kupe usiwangoje uwaone, mwogeshe dawa mapema.

Anayekwambia ng'ombe ni kazi rahisi hajawahi kufuga. Usiponunua nitakuelewa. Ukinunua, usimfuge kwa kukurupuka.

Mungu akupe nguvu ya kuamka mapema, zizi lako lisikose ndama, na maziwa yako yawatoshe watoto, mengine uwapelekee majirani.