Mikono Niliyoiondoa Kifuani mwa Ndugu Yangu

Saa kumi na dakika kumi na mbili alasiri. Nina hakika, kwa sababu mimi ni mtu wa kutazama saa. Dakika hiyo ndugu yangu mdogo alianguka, na dakika iliyofuata nikafanya kosa ambalo sijamwambia mtu mpaka leo. Jina langu nalificha. Mjane wake husoma gazeti hili.

Mimi ni karani wa ghala la majani ya chai. Shule niliiacha darasa la sita, lakini nimejisomea mwenyewe, kitabu baada ya kitabu, kamusi ikiwa kando. Barazani kwetu, mtaani Kibokoni, wakiniita Profesa, nusu kwa heshima, nusu kwa kunicheka. Nilipenda yote mawili!

Ndugu yangu, nimwite Swaleh, alikuwa mwalimu wa shule huko Tononoka. Homa ya utotoni ilimharibia vali ya moyo, kile kilango cha kupitishia damu, na daktari akasema apelekwe Bombay akapasuliwe. Ndipo nikaanza kusoma habari za mashine ya moyo na mapafu: jinsi madaktari wanavyousimamisha moyo kwa makusudi, damu ikapita kwenye mipira kama ya maji, ikatiwa hewa safi, ikasukumwa kurudi mwilini, na mtu akabaki hai moyo wake ukiwa umetulia tuli. Niliweza kuichora kwa kalamu, kila mpira na kila mshale. Mchoro huo nilitembea nao mfukoni.

Tulichangisha kwa miezi minane. Safari ilikuwa Jumanne. Siku ninayoisema ilikuwa Jumamosi, mwaka wa 1994.

Tulikuwa barazani na majirani, namweleza Swaleh mashine kwa mara ya kumi.

"Kaka, niwate na mashine yako," akasema huku anacheka, mkewe Zuhura akiwa jikoni. "Wakinifungua wakakuta mahamri ya Zuhura, waambie wasiyatupe."

"Wewe fanya mzaha tu."

"Sasa nilie? Hebu nisogezee hiyo kahawa..."

Kikombe kilianguka kwanza, kisha yeye.

Jirani yetu Mwadime, Mtaita aliyepanga chumba cha juu, alishuka ngazi mbio, fulana tu mwilini. Alikuwa mpakiaji bandarini, na huko walimfundisha huduma ya kwanza. Aliweka sikio mdomoni mwa Swaleh, vidole shingoni.

"Moyo umesimama! Mzee, kimbilia simu!"

Akapiga magoti, akapanga mikono, moja juu ya nyingine, akaanza kubonyeza kifua. Nilikiona kifua cha ndugu yangu kikididimia. Mungu wangu, niliogopa! Nilikuwa nimesoma kwamba mbavu huweza kuvunjika kwa kubonyezwa hivyo. Nikawaza: zikivunjika, Bombay hawatampokea. Miezi minane yote imepotea.

Nilimshika Mwadime mabegani, nikamvuta nyuma.

"Mzee, huyu anakufa!"

"Hafi! Huoni anapumua?"

Swaleh alikuwa akikoroma. Mdomo wazi, mkoromo mmoja, kisha kimya kirefu, kisha mwingine.

"Huko si kupumua, Mzee. Wallahi nakuapia, ingawa mimi Mkristo!"

"Wewe kazi yako magunia. Mimi nimesoma."

Ee, maneno hayo! Natamani ningekatika ulimi kabla ya kuyatamka.

Na watu wakaniamini mimi. Hilo ndilo linalonitisha zaidi. Wanaume watano walisimama kati ya Mwadime na ndugu yangu kwa sababu Profesa amesema. Nikaamuru alazwe ubavu, apepewe, aitwe mwenye duka na gari lake, tungoje. Nilihesabu mikoromo kwa saa yangu, kana kwamba kuhesabu ni dawa. Ilizidi kuachana. Midomo ikageuka rangi ya zambarau. Halafu sikuwa na cha kuhesabu tena.

Gari lilifika saa kumi na dakika ishirini na moja. Dakika tisa! Mwadime alipanda nyuma bila kumwuliza mtu, akabonyeza njia nzima, jasho likimdondokea Swaleh usoni. Sikuthubutu kumzuia. Wakati huo nilikuwa nimeshaelewa, ila sikuwa tayari kujua.

Hospitalini walihangaika naye hadi karibu na magharibi. Daktari alipotoka nilimwuliza, aibu sina, "Hamna mashine ya moyo na mapafu hapa?"

"Hatuna, mzee wangu." Akanitazama. "Lakini mashine hiyo inafanya nini? Inasukuma damu moyo ukiwa umesimama. Mikono nayo husukuma, kidogo, lakini husukuma. Nani alianza kumbonyeza?"

"Mimi," akasema Mwadime. "Ndani ya gari."

Ya barazani akayaficha.

"Angepona?" nikauliza.

"Sijui. Moyo wake ulikuwa mbovu. Angekuwa na nafasi."

Mchoro ulikuwa mfukoni mwangu. Nilijua kila mpira, na sikuitambua mashine yenyewe ilipopiga magoti mbele yangu!

Nilimwosha ndugu yangu kwa mikono yangu. Nilipopitisha maji kifuani nilihesabu mbavu zake, upande wa kulia, upande wa kushoto. Zote zilikuwa nzima.

Zuhura alikuwa jikoni alasiri ile, hakuona. Mpaka leo huwaambia wageni, "Shemeji yangu alimhangaikia mume wangu kuliko mtu yeyote." Nami hunywa chai yake. Mwadime alihamia mtaa wa Buxton. Tukikutana husema, "Shikamoo, Mzee," basi. Naiogopa salamu hiyo. Na mtu akikoroma karibu nami, hata msikitini mchana, natoka nje.

Zuhura, ukisoma haya, utajua ni mimi. Nitakuja mwenyewe. Nakuomba unifungulie mlango.

Na wewe mwingine unayesoma: mtu akianguka, haitiki, hapumui au anakoroma kwa vipande, mtu mmoja akimbilie simu, mwingine abonyeze katikati ya kifua, kwa nguvu na kwa haraka, asiache mpaka msaada ufike. Mbavu huunga. Akitokea msomi wa baraza kukuvuta bega, msukume aanguke!

Fedha za Bombay niliwarudishia waliochanga, kila mtu na chake. Haikutumika hata senti moja. Niliziokoa zote: shilingi laki tatu, elfu kumi na nane, mia nne na hamsini.