Kusaka Povu Kabla ya Idd

Mama alitoa hukumu siku ya kwanza ya Ramadhani, akichambua mchele, wala hakuinua uso.

"Idd ikitukuta na uvundo huu sebuleni, hivyo vidudu vyako vinarudi baharini. Shangazi yako ana pua ya paka. Mie sitaki kusemwa mpaka kwa wakwe Newala."

Vidudu vyenyewe vilikuwa roho yangu. Nilikuwa msichana aliyeajiriwa kwa mara ya kwanza, nikiosha chupa na kupima maji katika maabara ya mambo ya samaki, na mtaalamu mmoja wa kigeni alipomaliza mkataba wake aliniachia kisanduku chake cha kioo. Tulikiweka sebuleni kwetu Temeke, kati ya redio na kabati la vyombo. Ndani mlikuwa na mawe ya matumbawe yaliyo hai, kiumbe laini mfano wa ua chenye vidole vingi vinavyopepea, na samaki wawili wa rangi ya chungwa, wenye mistari myeupe, waliolala katikati ya vidole hivyo kama wajukuu kitandani kwa bibi. Niliwapenda kupita kiasi. Nikitoka kazini nilikuwa nawasalimu wao kwanza, ndipo nawaamkia wazazi, mpaka siku moja baba akaniuliza kama wale samaki ndio walionisomesha.

Kasoro yao ilikuwa moja tu: maji yalikuwa yanaoza. Kuyabadilisha kulitaka safari ya baiskeli mpaka kwenye kivuko, kuvuka kwenda Kigamboni kwenye maji safi, na kurudi na madumu mawili yanayoniyumbisha njia nzima. Kwa mwezi wa mfungo, safari kama hizo mtu hufanya mara moja tu, kisha akatubu.

Mtaalamu alikuwa ameacha pia dawa ya ugonjwa huo, ila ilikuwa pungufu. Ilikuwa bomba la plastiki linaloonyesha ndani, refu kama mkono, lenye kikombe juu. Unalisimamisha kwenye kona ya kisanduku, pampu ndogo inasukuma hewa mpaka chini, hewa inapenya kwenye kipande cha mti na kutoka ikiwa vipovu vidogo mno. Uchafu usioonekana kwa macho unashikamana na vipovu, unapanda navyo, unageuka povu zito na kumwagikia kikombeni. Nilimweleza mama hayo yote kwa mikono na kwa sauti ya darasani.

"Si kuengua povu la nyama tu huko!" alisema. "Maneno mengi ya nini?"

Kilichopungua kilikuwa kile kipande cha mti. Cha zamani kilikuwa kimeoza, kinamenyeka kama muhogo uliochacha. Kuagiza kingine ng'ambo ni ndoto. Siku hizo hata sabuni tulikuwa tukiipangia foleni dukani. Jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, mwalimu Mkristo kutoka Bukoba, alisikia kilio changu akaja na jibu moja ambalo alikuwa nalo kwa kila jambo, kuanzia paa linalovuja hadi jino bovu.

"Kujitegemea, binti. Tutakichonga wenyewe. Mzee si mchongaji?"

Baba alikuwa mchongaji hasa, Mmakonde aliyekuja mjini na patasi zake. Aliposikia kwamba mti unatafutwa kwa kazi nyeti namna hiyo, alisimama, akajipangusa vumbi, akaingia chumbani. Alitoka na kipande cha mpingo alichokuwa amekihifadhi chini ya kitanda kwa ajili ya kazi ya heshima. Alikichonga, akakipiga msasa mpaka kikang'aa, akatoboa tundu la mpira wa hewa. Kilikuwa kizuri kiasi cha kuvaliwa shingoni.

Sasa kukijaribu. Kipande unakitia kwenye ndoo ya maji ya bahari, unapuliza kwa mdomo upande wa pili wa mpira, unatazama vipovu. Baba alishika mpira, akautazama, akauweka chini.

"Nimefunga mie. Nikimeza maji?"

Mimi nilikuwa nimefunga, mama amefunga. Macho yetu yote yalimgeukia mwalimu, ambaye mchana ule alikuwa ameshakula ndizi zake akashiba.

"Aa, basi leteni," alisema, akivua saa.

Alipuliza. Mashavu yalivimba, mishipa ya shingo ikasimama, macho yakatoka. Kwenye ndoo kimya. Alipuliza tena mpaka uso ukabadilika rangi. Baba alikuwa amesahau kabisa kwamba mpingo unasifika kwa sababu hiyo hiyo: haupitishi kitu. Mama aliegemea mlango, akicheka huku akijizuia, maana aliona kucheka sana kunapunguza thawabu.

Kuanzia siku ile ua wetu ukawa baraza. Baba alikuwa amechokozwa, na Mmakonde aliyechokozwa na mti hatulii. Kila alasiri alileta kipande kipya, na mwalimu akitoka shule alikuja kupuliza. Mninga ulitoa vipovu vitatu, vikatoka kwa mashaka. Mnazi ulitoa mapovu makubwa kama chungu cha maharage. Mvule ulitoa upande mmoja tu. Majirani walianza kupita kwa visingizio, mmoja kuomba chumvi, mwingine kurudisha chumvi ambayo hakuwahi kuazima. "Mwalimu, vuta pumzi!" walipiga kelele. "Mwalimu, usitufie na madaftari hujasahihisha!" Nami nilikuwa nacheka mpaka njaa inasahau kuuma. Sijawahi kuwa na Ramadhani fupi kama ile.

Mti ulipatikana mahali ambapo baba asingetazama kwa hiari yake: tawi kavu la mchungwa, uani kwa mwalimu.

"Mchungwa ni wa kula," baba alinung'unika, "sio wa kuchonga." Lakini aliukata kwa kukingama, pale ncha ya mti inapoonekana kama imejaa vitundu vya sindano. Mwalimu alipuliza kidogo tu. Ndoo nzima iligeuka nyeupe kama tui. Sote tulipiga kelele pamoja, na baba akamkumbatia mwalimu huku mpira ungali mdomoni mwake.

Tulilisimamisha bomba siku ile ile. Nilifungua koki ya hewa taratibu, nikalipandisha bomba nusu kidole, nikalishusha kidogo, mpaka vipovu vikajaa ndani yake laini bila kurukaruka. Asubuhi yake povu lilijikusanya shingoni mwa bomba, likaanza kupanda kuelekea kikombe. Nikaenda kazini nikiimba. Jioni, baada ya futari, lilikuwa limekufa. Si limepungua, limekufa, maji tupu yanachemka pale juu.

Kesho yake hivyo hivyo. Mchana linapanda, baada ya futari linakufa, na uvundo upo pale pale. Baba alisema ni mti, umechoka. Mwalimu alisema ni umeme, kila nyumba imewasha taa. Mimi nilihamisha bomba, nikabadilisha mpira, nikapandisha, nikashusha, na nikaanza kuogopa kweli. Yule ua wetu, kile kiumbe laini, alikuwa amekunja vidole vyake vyote. Samaki wawili walikuwa wanapumua juu juu. Idd ilikuwa inabisha hodi, na nililia jikoni nikisingizia vitunguu.

Jioni moja baba alikuwa ametangulia msikitini. Niliingia kutoka uani nikamkuta mama amesimama mbele ya kisanduku, kitenge kimefungwa kiunoni, sahani mkononi. Alikuwa anamega kipande cha samaki changu kutoka kwenye mchuzi wa nazi. Alisema "Bismillahi", akakidondosha majini kwa ncha za vidole. Kisha akamega kingine.

"Mama!"

Alishtuka, kisha akakasirika, maana ndivyo alivyokuwa akishtuka.

"Unanipigia kelele za nini? Nyumba nzima inafuturu, wao wakodoe macho tu? Kitu kiko ndani ya nyumba yangu, adhana imeadhiniwa, nisikipe? Nitamjibu nini Mungu?"

"Tangu lini?"

"Tangu mwezi uandame."

Nilikaa sakafuni. Kicheko kilinishika tumboni nisiweze kusema, na machozi yananitoka. Yeye aliyewahukumu ndiye aliyekuwa akiwafuturisha kila jioni, tena kwa tui zito, lile la kwanza. Nilipoweza kuzungumza nilimweleza kwamba mafuta ya nazi yakigusa maji, povu halisimami. Nyama yenyewe ilikuwa inaoza chini ya mawe. Nilisema kwa upole nilivyoweza. Aliangalia vidole vyake vinavyong'aa.

"Kwa hiyo uvundo ni wangu," alisema.

Nilimwonea huruma hata nikatamani niseme sivyo. Lakini mama hakuwa mtu wa kukaa na huzuni mikono mitupu. Aliuliza nini kinaondoa mafuta, nikamwambia karatasi. Alichukua gazeti la baba ambalo baba hakuwa amelisoma, akalilaza juu ya maji ukurasa kwa ukurasa, akaliinua limeloa utando wa mafuta, akarudia. Mimi nilitoa mabaki chini ya mawe kwa kijiko. Asubuhi yake baba mwenyewe alipanda baiskeli kwenda Kigamboni, amefunga, akarudi na madumu mawili na lugha ambayo haikufaa mwezi mtukufu.

Jioni ya kuutazama mwezi, mtaa mzima ulikuwa nje umekaza shingo kuelekea magharibi. Nyumbani kwetu hakuna aliyeutazama. Tulikuwa wanne tumepiga magoti mbele ya bomba, tende mkononi, mwalimu ameshika koki. Povu lilipanda shingoni, la rangi ya chai. Likasita. Nililishusha bomba kidogo, kidogo tena. Likatetemeka pale ukingoni, kisha likamwagikia kikombeni, zito, chafu, linanuka vibaya, na sijawahi kuona kitu kizuri kama kile.

Mama alipiga vigelegele. Havikuwa vigelegele vya ndani. Vilikuwa vya harusi. Kabla hajavuta pumzi ya pili, nyumba ya jirani iliitikia, kisha ya ng'ambo, kisha mtaa mzima hadi karibu na soko. Watu walikumbatiana. Mtu mmoja alianza kumkimbiza jogoo wake. "Umeandama! Kesho Idd!"

Tulitazamana.

"Mwalimu," baba alisema polepole, "nenda kawaambie wewe. Mie sina uso."

Mwalimu alitoka barazani, akainua mikono kama yuko mkutanoni.

"Ndugu wananchi! Mwezi bado! Ni povu tu!"

Kikalipuka kicheko ambacho nadhani kilifika bandarini. Baadaye redio ilitangaza kwamba mwezi haukuonekana popote, tukafunga siku nyingine, na siku hiyo nzima kila aliyepita mlangoni kwetu aliuliza kwa sauti kama povu limeandama. Mama alijibu kila mmoja, "Limeandama na linaendelea," akienda kumwaga kikombe.

Idd ilipofika, yule ua alikuwa amefunua vidole vyote. Shangazi, dada yake baba, aliingia akiwa amejifunga kanga mpya na pua mbele. Alinusa mlangoni. Alinusa karibu na kabati. Aliinama mpaka pua ikakaribia kugusa kioo, akanusa tena, na nikaona jinsi alivyokasirika kwa kukosa la kusema.

Hatimaye akapata.

"Haya makorokoro mngeyatoa tu, wifi. Wageni tupate pa kukaa."

Mama alimwekea sahani ya pilau mapajani.

"Wageni mnaondoka kesho," alisema. "Hawa wanakaa."