Miaka Sita Niliyoikata

Wiki iliyopita, katika soko la Gitega, fundi cherehani alinikunjulia jora la kitambaa cheusi. Weusi ule ulipoanza kuteremka ukingoni mwa meza, msomaji wangu, nilirudi ghafla katika ua wa shule yetu ya Montessori pale Mushasha.

Nilikuwa na umri wa miaka tisa. Mwalimu alikuwa amemwagiza kila mmoja wetu atengeneze utepe wa maisha yake: kipande kimoja cha karatasi kwa kila mwaka, vyote vikiunganishwa kwa gundi ya unga wa muhogo. Mimi nilizaliwa katika kambi ya wakimbizi, Tanzania, na miaka yangu sita ya mwanzo ilipita huko; wakati wa mapumziko wenzangu waliniita Mtanzania. Basi nikaikata miaka ile kwa mkasi, nikaanzia mwaka tuliorudi.

Hesabu sikuifikiria. Tepe zilipotandazwa sakafuni, wangu ulikuwa mfupi kama ulimi.

"Eh! Mtanzania iko na miaka tatu!" alipiga kelele msichana aliyeketi karibu nami. "Mwalimu, huyu bado ananyonya, na anatupita hesabu za kugawanya!"

Darasa zima likacheka. Mwalimu hakucheka, wala hakunikemea. Alitutoa nje hadi uani, akawashikisha wenzangu ncha ya kitambaa cheusi, nami akanikabidhi kijiti kilichozungushiwa kitambaa hicho, akaniambia nitembee. Nilivuka lango, nikafuata njia ya kanisani kando ya ukuta wa matofali, na weusi ulikuwa bado ukikunjuka mikononi mwangu.

"Huo ni umri wa dunia," alisema akitembea kando yangu.

Mwishoni kabisa palikuwa na mshono mmoja wa uzi mwekundu.

"Na hapa ni wanadamu. Wote. Wafalme, wakulima, waliohama na waliorudi."

Niliugusa uzi ule kwa kidole. Kidole kikaufunika wote.

"Na weusi wote ule, nani aliuona?"

"Hakuna, Mwalimu."

"Mbona basi sikuukata?"

Likizo ilipofika nilikwenda Gasorwe, Muyinga, kwa bibi yangu, aliyekuwa nami kambini, nikiwa na karatasi sita tupu. Alikuwa akichambua maharage. "Andika, mjukuu wangu," alisema bila kuinua macho. "Huu wa kwanza ulikataa uji. Huu wa pili mvua iliangusha nyumba yetu ya turubai, nawe ukacheka." Aliendelea hivyo hadi wa sita, na kila mwaka ulidondoka kinywani mwake kama punje katika ungo, mzima, usio na kasoro.

Bibi hayupo tena, na hakuna mwingine aliyeijua miaka ile. Kitambaa cha Mwalimu kililiwa na mchwa. Darasa lake sasa ni langu, na wanafunzi wanangoja.

"Mwalimu, nikate fasi gani, hapa?" fundi aliniuliza, mkasi ukiwa wazi mkononi.

"Usikate," nilimwambia. "Nipe lote."