Mwonjaji wa Kasokola

Jumamosi sasa hupita Kasokola bila kelele kutoka uani kwa Générose. Mabenchi bado yapo chini ya paa la nyasi, kuku wamepanda juu yake. Wanaotoka mashambani wakifika pale hupunguza mwendo, kama watu wanaosubiri kuitwa, halafu wanaendelea. Hakuna anayeita.

Alikuwa mpika pombe ya ndizi, na alipika vizuri. Kwa watu wenye asili ya Burundi, mwenye pombe huvuta mrija wa kwanza yeye mwenyewe, mbele ya wageni, ili kila mmoja aone kwamba mtungi hauna sumu. Wengine hufanya harakaharaka, kama salamu. Générose alivuta taratibu, akameza, akawatazama wateja mmoja mmoja, utadhani wao ndio waliopika.

Shaka ilikuwa damuni mwake. Mwaka 1972, wakati wa mauaji ya Burundi, yeye akiwa bado mgongoni kwa mama yake, baba yake aliitwa mkutanoni. Akavaa koti, akaaga, hakurudi. Mama akavuka mpaka na mtoto na kisa hicho, na kisa ndicho Générose alichonyonya. Miaka mingi baadaye alipopewa cheti cha uraia wa Tanzania alikigeuza, akatazama upande wa nyuma kama kuna maneno mengine. Watu walicheka. Yeye hakucheka.

Aliishi na Agape, mjukuu wa marehemu dada yake. Binti huyo aliletwa akiwa na miaka saba, kutoka upande wa Kigoma, kutoka nyumba ambayo mume mpya wa mama yake alimtendea mtoto mambo ambayo mtoto hatendewi. Kasokola iliambiwa kwamba amekuja kusoma. Générose aliilinda habari hiyo kama mtu alindaye moto usipate upepo. Hata Arcade, mwanawe wa kumzaa anayelima Magamba, hakuambiwa.

Agape akakua, akajifunza ushonaji, akapata nafasi kwa fundi mmoja Misunkumilo. Hukohuko akaanza kuhudhuria kikundi cha vijana walioumizwa utotoni. Kiongozi wao, Scolastica, alikuwa mwanamke mpole mwenye tabia ya kumwacha mtu amalize kusema. Kwa Générose upole huo ulikuwa kasoro.

"Mtu anayewanunulia soda watoto wa wenzake," alisema, "ana kitu anatafuta."

"Anatafuta tukae, tuongee, Bibi. Basi."

"Na picha? Hapigi picha?"

Picha zilikuwepo kweli. Shirika la kina Scolastica lilikuwa limetengeneza filamu kuhusu vijana kama wao, na lilitaka kuionyesha katika ukumbi wa kanisa, watu wachangie chochote, kipatikane chumba cha ushauri na mtu wa kukaa humo.

"Simo, Bibi. Walituuliza mmoja mmoja. Mimi nilikataa."

"Baba yangu naye aliambiwa ni mkutano tu."

"Bibi, nakwambia simo."

Générose alimtazama jinsi alivyowatazama wateja wake. Tangu siku hiyo hakuuliza tena, na kutouliza kwake kulikuwa kubaya kuliko maswali. Alikuwa na hakika kwamba binti anadanganya kwa huruma, na kwamba siri ya miaka yote ile itatandazwa ukutani, Kasokola nzima ikiangalia.

Siku ya onyesho ilikuwa Jumamosi, saa tisa alasiri. Madirisha ya ukumbi yalizibwa kwa mablanketi ili giza lipatikane, na joto likawa la tanuri. Shuka jeupe lilitundikwa mbele. Kijana wa shirika, Cletus, alihangaika na nyaya za projekta. Watu wa Kasokola walijaa safu za katikati: Séverine, jirani wa Générose asiyepitwa na jambo, na Kashinje, Msukuma mfugaji na mteja wa uani, aliyekuja na fimbo yake hadi ndani. Agape alikaa pembeni na wenzake wa kikundi.

Scolastica alipomaliza kukaribisha, Générose akasimama katika safu ya mbele.

"Kabla hamjatuonyesha sisi, onjeni kwanza."

Cletus hakuelewa. Kashinje akaelewa upesi.

"Ee mama! Na filamu nayo ina sumu? Basi leteni mirija!"

Ukumbi ukaangua kicheko. Scolastica alingoja kipungue, akajibu kwa heshima: "Mama, tumeshaiangalia sisi wenyewe, mwanzo mpaka mwisho. Hakuna sura ya kijana yeyote wa hapa."

"Mpika pombe hasemi nimeonja nyumbani. Anaonja mbele ya mgeni. Toeni nje wote, tubaki mimi na nyie, niione."

"Mbona unaogopa hivyo?" Séverine aliuliza kutoka nyuma, sauti tamu. "Kwani kuna wako humo?"

Ilikuwa nafasi ya kukaa chini. Alichotakiwa kusema ni hapana tu. Lakini mtu aliyelinda kitu muda mrefu hujibu kama mlinzi, na mlinzi akishtuka huelekea palepale penye mali.

"Nimemfunika mtoto huyu tangu ana miaka saba!" alisema Générose. "Hamtamfunua leo kwa shuka hilo!"

Hakuna aliyecheka. Vichwa viligeuka, kimoja, kingine, kisha vyote, kuelekea pembeni alikokaa Agape. Kashinje aliinamisha macho kwenye fimbo yake. Générose alibaki mkono umeelekezwa kwenye shuka, ambako bado hakukuwa na kitu.

Agape akainuka.

"Haya, mmeniona. Ndiyo, kuna jambo lilinipata nikiwa mdogo. Mkubwa alinikosea, sikumkosea mtu. Anayetaka zaidi ya hapo, hatapata. Mama Séverine, geuza shingo, filamu iko mbele."

Filamu ikaanza. Ilikuwa michoro ya vijana wenyewe: nyumba zisizo na milango, mbwa mkubwa, mvua. Waliosimulia walikuwa watu wazima waliowaazima vijana sauti zao. Générose alirudi nyuma, akaitazama amesimama mlangoni, akimtafuta Agape katika kila mkono uliochora, kila mgongo uliopita. Hakumwona. Hakuwemo.

Waliporudi, mmoja alitembea mbele, mwingine nyuma. Uani ndipo Générose alipoongea.

"Labda wamekukata baada ya mimi kusema."

Agape alimgeukia. "Bibi. Hata sasa?"

"Nilikuwa nakulinda."

"Najua. Ila nilikwambia simo, ukadhani naongopa. Watu wote umewapima, na mimi umenipima nao."

Agape hakungoja jibu. Akaenda kuwasha jiko.

Siri ilipotoka haikuua mtu. Agape aliendelea kwenda kazini Misunkumilo, akaendelea na kikundi, na wanawake wawili wa Kasokola wakamfuata wakiwa na siri zao wenyewe, wakitaka kujua Scolastica hukaa wapi. Aliyeshindwa ni Générose. Akivuta mrija wa kwanza sasa, ni wateja waliomtazama yeye, kisha wakatupa jicho mlangoni kuona kama binti yupo. Kashinje alipouliza, kwa nia njema kabisa, "Binti hajambo?" alifukuzwa uani kwa mwiko. Séverine alileta unga, Générose akaurudisha. Alianza kuamini kwamba wanakuja kuiangalia habari, si kunywa, na pengine kwa wengine hakukosea.

Asubuhi moja alifunga nguo zake kwenye kitenge. Agape alimsihi abaki. Alijibu kwamba nyumba ni ya binti sasa, na hataki kumtazama mtu yeyote humo kwa jicho lile tena. Arcade alikuja kumchukua kwa pikipiki.

Générose yuko Magamba, kwa Arcade, anapalilia mahindi.