Manjano ya Mama Zaina

Nilipokuwa mtoto wa miaka kama minane, tukikaa mtaa wa Kadutu, upele ulinishika mikono, ukapanda shingoni, mwisho ukafika usoni. Ilikuwa wakati wa Wabelgiji, miaka michache kabla ya uhuru. Baba yangu alikuwa mwashi. Kila asubuhi alishuka mtaa wa Ibanda kujenga nyumba za Wazungu kando ya ziwa. Mama alilima kishamba chetu cha mteremkoni na kutulea sisi wawili, mimi na mdogo wangu Bisimwa, ambaye alikuwa hajatimiza miaka mitatu. Shuleni masera, mtawa aliyetufundisha, alinikalisha peke yangu kwenye benchi la nyuma, nisije nikaambukiza wengine. Dispensari walinipaka dawa iliyonuka kiberiti, mara tatu, na mara tatu upele ukarudi.

Nyumba ya pili kutoka kwetu alikaa mjane mmoja Mwislamu aliyetoka Uvira, Mama Zaina. Hakuwa na ndugu mtaani. Nyuma ya nyumba yake alipanda kitu chenye majani mapana ambacho kwetu hakuna aliyekijua. Mizizi yake ilifanana na tangawizi, lakini ukiikata, ndani ilikuwa na rangi ya kiini cha yai. Aliikausha, akaitwanga, na siku nyingine ungemkuta amekaa uani, uso mzima umepakwa manjano, akingoja yakauke. Ngozi yake ilikuwa laini kama ya msichana, na hilo ndilo lililowatia wanawake shaka zaidi. Kwa umri ule, walisema, ngozi ile ameitoa wapi? Kwetu iliaminika kwamba wako watu wanaojua kuchukua afya ya mtoto wa mwenzao wakajipaka, kama mtu anavyojipaka mafuta. Mama alitukataza kupokea chochote mkononi mwake, hata maji.

Mimi nilimwogopa kama watoto wote. Lakini siku moja watoto wa darasa letu walikataa kunishika mkono kwenye mchezo, na masera akawaacha wakatae. Nilirudi nyumbani nikilia, nikapita mlango wetu, nikaenda moja kwa moja kwa Mama Zaina. Alikuwa anachambua maharage. Aliniangalia uso, akaangalia na mikono, bila kunigusa.

“Mama yako anajua uko hapa?”

Nikamwambia anajua, tena ni yeye amenituma.

Nadhani hakuamini, na leo najiuliza kwa nini hakunirudisha. Labda kwa muda mrefu hakuna mtoto aliyekuwa amekanyaga ua wake. Aliingia ndani, akatoka na kibakuli cha unga wa manjano, akauchanganya na mafuta ya mise, yale meusi ya kokwa za ngazi, matunda ya mchikichi, akaanza kunipaka taratibu. Yalichoma kidogo, kisha yakapoa. Muda wote sikuondoa macho usoni mwake. Nilitaka kuona kama ngozi yake itazidi kung'aa kadiri anavyonipaka, ili nijue mapema kama ananichukua. Sikuona kitu. Alinifungia mengine katika jani la mgomba, akanieleza nijipake kila siku baada ya kuoga.

Nyumbani Mama aliniona tu akaacha jembe.

“Nani alikupakala ile kitu?”

Alijua mwenyewe. Alinisugua kwa majivu hadi ngozi ikawaka moto, lakini rangi ilibaki kwenye kucha na kwenye kola ya nguo. Hakujua juu ya lile jani, nililolificha chini ya matofali ya Baba. Nilijipaka kidogo kidogo sehemu zilizofunikwa na nguo, usoni usiku tu na kunawa alfajiri, na kila asubuhi nilijikagua kwa wasiwasi. Wiki ya pili upele ulianza kukauka. Baba alifurahi. Mama hakufurahi. Alisema kitu kinachoondoka haraka hivyo lazima kimeenda mahali.

Siku chache baadaye Bisimwa alikataa kula. Alilala tu, mwili moto, na Mama alipomfungua jicho, sehemu nyeupe ilikuwa ya manjano. Mkojo wake ulikuwa mweusi kama chai. Mama alipiga kelele moja tu, akakaa chini.

Walimpeleka dispensari. Muuguzi, Mwafrika kama sisi, alimbonyeza tumbo akasema ni ugonjwa wa ini, amewaona watoto wengine wengi wa mtaa wetu nao hivyohivyo, na kwamba tuchemshe maji. Mama alimsikiliza kwa adabu. Njiani alimwambia Baba kwamba yule kijana anaona ini tu, haoni mkono ulioligusa.

Jumapili baada ya misa wanawake kama kumi walikwenda kwa Mama Zaina, Mama akiwa mbele, na mimi akinivuta kwa mkono. Hawakupiga kelele. Walimwambia tu aile dawa yake mbele yao. Mama Zaina alileta kibakuli, akachota kijiko kizima, akameza kwa maji, akasema kwao Uvira anaiweka hata katika mchuzi wa samaki. Tulisubiri. Hakuanguka. Ndipo mmoja akasema kwamba mwenye sumu haimuui, anaijua. Na wengine wakaitika. Nikaona kwamba hata angekula kinu kizima isingesaidia.

Ndipo aliponigeukia mimi.

“Nabintu, ambia mama yako. Ni miye nilikuita, ao ni weye ulikuja?”

Wote waliniangalia. Mkono wa Mama ulikuwa umenishika sana.

“Aliniita,” nikasema.

Mama Zaina aliniangalia kidogo tu, akachukua kibakuli chake, akaingia ndani. Katikati ya wiki alipakia mizigo yake kwenye lori la kwenda Uvira. Hakuna aliyemsaidia kuinua sanduku. Mimea yake waliing'oa jioni hiyohiyo, wakaichoma.

Bisimwa alipona. Macho yake yalisafika mwezi ule, na kwa mtaa mzima huo ndio ukawa ushahidi: mwenye mkono ameondoka, mtoto ameinuka. Uso wangu nao ukapona kabisa, lakini hilo hakuna aliyelitaja.

Nilikaa na neno lile miaka mingi. Mara mbili nilikwenda Uvira nikiwa mtu mzima, nikauliza. Akina Mama Zaina walikuwa wengi, wangu hakuwapo. Mwisho nilimwambia Mama ukweli, alipokuwa tayari mzee na mimi nina wajukuu. Nilimwambia Mama Zaina hakuniita, nilikwenda mwenyewe, nikamdanganya kwamba nimetumwa.

“Sasa kama hakukuita,” Mama akasema, “nani alitia ile mawazo mu kichwa yako?”

Nilielewa kwamba shaka yake ilikuwa imekaa mahali ambapo maneno yangu hayafiki, na kwamba siku ya kuyasema ilikuwa moja tu, ile Jumapili.

Simlaumu. Mama aliogopa kwa sababu mtoto wake alikuwa anakufa mbele ya macho yake, na hofu ya namna hiyo humtwika lawama mtu yeyote aliye karibu. Mimi sikuwa na hofu hiyo. Siku ile pale uani sikumwogopa tena Mama Zaina. Vidole vyake nilikuwa navijua. Niliogopa fimbo. Na nikimkumbuka Mama alivyokuwa, fimbo zenyewe zisingezidi tatu.